Mahindi Juu ya Nyasi Zilizokufa

Safari iliyonileta Mombasa ilinichukua miaka, ukiihesabu tangu nilipotoka kwetu. Nilizaliwa upande wa Kitale, katikati ya mahindi, na baada ya kidato cha nne niliondoka kama mtu anayetoka kununua chumvi. Nilivuna ngano Narok. Nilipiga nyanya dawa Oloitokitok mpaka kucha zikabadilika rangi. Nilikaa Taveta kwenye mifereji ya vitunguu. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka pale nilipopaacha, hata kama nilipokuwapo sikupapenda. Huo ndio ugonjwa wangu. Kisha alfajiri moja nilimwona dereva wa lori akifunga turubai juu ya magunia ya vitunguu, nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema Kongowea. Nikapanda.

Nililala kifudifudi juu ya magunia, nimeshika kamba. Kutoka Voi upepo ulikuwa wa moto. Tulipopita Mariakani hewa ikawa nzito, ina chumvi, na jasho langu likakataa kukauka. Changamwe tulikwama nyuma ya malori ya makontena mpaka vitunguu vya chini vikaanza kutoa maji. Nilipoteremka Kongowea nilinuka kiasi kwamba hata makuli walinipisha.

Nilisaidia kupakua. Mama mmoja muuza mihogo alikuwa akiitazama mikono yangu.

"Wewe unalima?"

"Ninalima."

"Basi vuka feri, nenda Shika Adabu. Kuna mzee kule, kiuno kimemkataa. Mwambie umetumwa na wa mihogo."

Nikavuka feri siku hiyo hiyo.

Mzee nilimkuta amekaa kwenye kibao mlangoni mwa jiko, anachonga mpini wa jembe ambalo hakuweza tena kulishika. Alikuwa Mdigo, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia miguuni.

"Mbara wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Unajua kulima, au unajua kukimbia na jembe? Maana nyinyi wa bara mwalima kama mnaofukuzwa."

Mkewe alicheka huko jikoni. "Mwache apumzike kwanza, wee mzee. Mgeni hata maji hajanywa ushaanza kumpima."

Nikapewa maji, nikapewa chumba cha uani, na kesho yake nikaingia shambani.

Shamba lile lilikuwa limezungukwa na kuta za majirani. Zamani lilikuwa sehemu ya ardhi kubwa ya babake mzee, iliyofika karibu na bahari, yenye minazi na mikorosho. Ndugu waligawana, wakauza, wakajenga, wakauza tena. Kipande hiki kimoja kilibaki bila kugawanywa, nacho kilibaki kwa sababu ya maneno ya baba yao alipokuwa anakufa: maadamu kuna mtu wa nyumba hii anayelima hapa, na nyumba inakula humu, kisiuzwe. Ndugu wote walikuwapo na wote waliitikia. Hakukuwa na karatasi, lakini neno la marehemu kule lina uzito. Kwa hiyo kila mavuno, mdogo wake mzee, mwenye duka la vipuri Timbwani, alikuja kututembelea. Alileta sukari na majani ya chai, akakaa, akanywa, kisha akainua macho kutazama uchaga.

Uchaga ni dari la miti juu ya meko, wao wenyewe wakiuita lutsaga. Mahindi hupangwa humo na maganda yake, na moshi wa kupikia huyapita mchana kutwa mpaka yawe na rangi ya mzinga wa nyuki. Dumuzi, wale wadudu wa ghalani, hawayagusi. Mtu akitaka kujua nyumba ina nini hana haja ya kuuliza. Hutazama juu ya moto. Mdogo wake mzee alikuwa akitazama juu ya moto. Jembe langu lilihesabiwa kuwa lake kaka, lakini uchaga ukiwa mtupu, shamba lingekuwa halilishi nyumba, na ndugu wangekuwa huru kuuza. Mzee alilijua hilo, mkewe alilijua, na baada ya mavuno ya kwanza nililijua na mimi.

Tatizo lilikuwa ndago. Ndago na sangare, magugu mawili yasiyojua kufa. Mvua ya mwaka, ndiyo masika yao, ikinyesha kule, unapalilia upande huu, ukigeuka upande uliotoka umeshafunga. Zamani walikuwa na vijana wa kulima kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Sasa vijana wako bandarini na kwenye bodaboda. Nilikuwa peke yangu na jembe, na mwaka ule wa pili mahindi yalipiganiwa na nyasi yakashindwa. Uchaga ulijaa nusu. Mdogo mtu alipokuja aliutazama kuliko siku zote. Alipoondoka, mzee alikaa muda mrefu hajagusa sima.

"Amehesabu," alisema.

"Hakuhesabu," mkewe akasema. "Alikuwa anatazama paa linavuja."

"Paa halivuji juu ya uchaga."

Ndipo mzee akaenda Timbwani kwa muuza pembejeo karibu na feri, akarudi na chupa ya dawa ya magugu, na bomba la mgongoni la kuazima. Mimi nilikuwa nimezijua dawa hizo bara. Nilimwambia maelezo yako kwenye karatasi ya chupa. Alisema macho yake hayasomi vitu vidogo, na tena muuzaji amemwelekeza. Kuchanganya alichanganya mwenyewe, mbele ya jiko, kwa makini ya mtu anayepika dawa ya mtoto. Chupa moja aliitaka ifike shamba zima, tena ibaki ya vuli. Kwa hiyo alitia kifuniko kimoja pale palipotakiwa kadhaa, akakoroga, akanusa.

"Yanuka vya kutosha," alisema.

Dawa hiyo hafifu ilifanya kazi kwa namna yake. Sangare ilikauka. Ndago iligeuka njano, ikalala, nyingine ikainuka tena, nikarudia, ikalala. Tulipanda kwa kutoboa mashimo tu, bila kulima. Shamba lote likawa limefunikwa na nyasi zilizokufa, tabaka juu ya tabaka, laini, za rangi ya dhahabu. Mke wa mzee alitembea juu yake pekupeku, akasema ni kama msikiti uliotandikwa. Tulicheka. Sikuwahi kumwona mzee amefurahi vile. Alisimama na mkongojo wake katikati ya shamba asubuhi nzima, na jirani wa ukutani akamwita, "Sheikh, umekuwa mlinzi wa nyasi?"

"Nazilinda zisiamke!" akajibu.

Mahindi yaliota vizuri. Yalipoanza kutoa ndevu, mvua ikakatika, jua likawaka majuma kadhaa, majani yakajikunja. Tukadhani tumepoteza. Kisha yakabeba, madogo lakini mengi. Wakati wa kuvuna mvua isiyo ya msimu wake ikaanza kunyesha kidogo kidogo kila jioni. Desturi yao ilikuwa kuvunia kwenye mkeka: wanawake hutandika mikeka mikuukuu kando ya shamba, na hindi lililovunjwa haliguswi na udongo mpaka liingie uchagani. Mwaka ule hapakuwa na haja, alisema mzee. Mkeka ulikuwa shamba zima. Tulivunja mahindi tukayaacha yalale pale pale juu ya nyasi zilizokufa, tukayarundika, tukayageuza jua lilipotoka, na siku za mvua tukayafunika kwa mabua. Yalikaa hivyo mpaka mzee aliporidhika kwamba hayana maji.

Tulipoyapandisha uchagani, mke wa mzee alimenya hindi moja kulitazama. Kati ya punje palikuwa na unga wa kijani kibichi, kama ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa.

"Yameingia ukungu haya."

"Moshi utautoa," mzee akasema. "Toka lini ukungu ukashinda moshi?"

Na kweli, baada ya muda ule unga wa kijani ulififia, ukageuka masizi. Uchaga ulikuwa umejaa mpaka miti ya dari inalia. Mdogo wake mzee alikuja na sukari yake, akainua macho, akayashusha, akasema, "Mashallah, kaka. Shamba limewapa." Mzee aliitikia taratibu, lakini mguu wake chini ya kibao ulikuwa unatikisika kwa furaha.

Mabata ndio walioanza. Mke wa mzee alikuwa na mabata, na alikuwa akiwatupia chenga za mahindi zilizobaki kwenye ungo. Vifaranga walikufa kwanza, shingo zimepinda nyuma. Kisha wakubwa wakaacha kutembea. Kuku walinyong'onyea lakini hawakufa. Jirani wa ukutani akasema ni ile dawa tuliyopiga, tumewatilia sumu viumbe vya Mungu. Mzee alikasirika, akataka kuirudisha ile chupa kwa muuzaji amvunjie kichwani. Badala yake mkewe aliniambia niende kwa bibi shamba wa kata, yule afisa wa kilimo anayepita na pikipiki, nikamlete.

Alikuja siku ya pili. Mwanamke mwembamba, Mgiriama, wa umri wangu. Alitazama mabata, akatazama chenga kwenye ungo, kisha akaomba ngazi, akapanda uchagani. Aliposhuka alikuwa na hindi mkononi, na alikuwa amekunja uso.

"Mzee, si dawa ya magugu iliyoua bata wako. Ni kuvu. Kuvu hii inatoa sumu, sumukuvu. Bata hawaivumilii hata kidogo."

"Kwa hiyo dawa haina makosa."

"Sijasema hivyo."

Alitoka kwenda shambani, sisi nyuma yake. Aliinama akainua zile nyasi zilizolala. Chini zilikuwa nyeusi, zenye unyevu, na utando mweupe na wa kijani uliokuwa ukizishika kama wa buibui.

"Kuvu hii makazi yake ni udongo," alisema. "Chakula chake ni vitu vilivyokufa. Ukilima kwa jembe unazifukia nyasi, unaugeuza udongo, jua linaingia, kuna vijidudu vingine vingi vinagombania chakula hicho. Ukipiga dawa, nyasi zote zinakufa pamoja, zinalala juu. Umeiandalia karamu. Kisha mahindi yako yamepigwa na kiangazi yakiwa machanga, yamechoka. Kisha umeyalaza juu ya karamu yenyewe."

Mzee alizigusa zile nyasi kwa mkongojo. Kisha akauliza swali ambalo mimi pia nilikuwa nalo.

"Dawa inayoua nyasi haiui kuvu?"

"Watu wameijaribu kwenye vichupa vya maabara. Ikiwa kali sana, kuvu hudumaa. Ikiwa hafifu, wapo walioona haijali kitu, na wapo walioona inazidi kukua, au inazidi kutoa sumu. Hawajakubaliana. Na shamba si kichupa." Akatugeukia. "Nyinyi mlichanganyaje?"

Mke wa mzee alitazama pembeni.

"Niambie neno moja tu, mwanangu," mzee akasema. "Ndiyo au la. Dawa ndiyo iliyoleta hii?"

"Sijui, mzee. Ninaloweza kukwambia ni kwamba nyasi zilizolala na mahindi kulala juu yake vilichangia. Dawa yenyewe ndani ya udongo wako, sijui. Nikisema ninajua nitakudanganya."

"Basi na moshi?"

"Moshi unaua kuvu. Sumu ikishaingia kwenye punje, moshi hauitoi. Kuosha hakuitoi. Sima ikiiva haitoki."

Alichukua mkebe wa punje kwenda kuzipima. Siku chache baadaye alipiga simu, mimi ndiye niliyeipokea, na mzee alinitazama nikisikiliza. Alisema yasiliwe na mtu wala mnyama. Yachomwe yote.

Mzee alisikia, akasema, "Inshallah," kwa ile sauti ambayo kule ina maana ya hapana.

Yaliyofuata yalikuwa mabishano ya chini kwa chini, yasiyo na kelele. Mkewe alitaka yachomwe. Mzee alisema uchaga ukiwa mtupu kabla ya mwezi wa hitima ya kila mwaka ya baba yao, ndugu wote watakuwa hapa, wote watainua macho. Nilimwambia tuyaache uchagani yaonekane tu, tusiyale. Nitatafuta kibarua tununue unga. Alinitazama kwa upole ambao sijausahau.

"Maneno ya baba yangu hayakuwa 'nyumba ionekane inakula.' Alisema nyumba inakula. Nikikaa nakula unga wa dukani chini ya uchaga uliojaa, nitakuwa nimemdanganya nani?"

Alikubali jambo moja: mjukuu wao, aliyekuja wakati wa likizo kutoka Mjambere kwa mamake, asipewe. Wala mimi, kwa kuwa mimi si wa nyumba ile na neno la baba yao halinifungi. Mkewe alichambua yaliyoonekana safi, akayaosha maji mengi, akayakoboa kwenye kinu, na alipopika alijipakulia kidogo sana, akila mchicha zaidi. Mzee alikula kama kawaida. Mimi na mtoto tulikula mihogo kwenye sahani moja, mbele yake. Kuna mlo mmoja ninaukumbuka, mzee anamega tonge, anachovya kwenye mchuzi wa papa, anatafuna, na mkewe anamtazama mdomo.

"Wanitazama nini? Sijawa bata."

Mkewe akamsogezea mchicha.

Mdogo wake alipata habari, nadhani kwa jirani wa ukutani. Alikuja bila sukari. Hakukaa.

"Kaka, choma hayo mahindi. Wallahi sitasema kitu. Hakuna atakayesema kitu. Ya shamba tutazungumza baadaye."

"Hiyo baadaye ndiyo ninayoiogopa."

"Unafikiri nataka ufe nichukue kiwanja?"

"Sifikiri. Najua waja kila mavuno kutazama."

Nimekutana na watu wengi wenye tamaa ya ardhi, na siamini kwamba siku ile yule bwana alikuwa na tamaa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Lakini alikuwa ametazama juu mara nyingi mno, na sasa alipotaka kuaminiwa hakuwa na pa kusimama.

Mzee alianza kwa kukosa hamu ya chakula. Kisha macho yakawa ya njano, nikadhani ni mwanga wa jioni. Kisha miguu ikavimba, na tumbo. Alipelekwa hospitali, akalazwa. Daktari alisema ini limeharibika. Tulimweleza habari ya mahindi, akaandika, akasema inawezekana, na inawezekana pia ini lilikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi ambao mahindi yaliumalizia kazi. Naye hakusema ndiyo wala la. Kote tulikopita na shida ile, waliosoma walikuwa waaminifu kwetu, na uaminifu wao haukutupa kitu cha kushika.

Alikufa alasiri, akazikwa kesho yake asubuhi. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza ingawa si wa dini yao. Mdogo wake ndiye aliyenivuta mkono nikaingia mstarini.

Baada ya matanga, yeye na mimi tuliyateremsha mahindi. Tulichimba shimo kwenye kona ya shamba, tukayatia, tukayamwagia mafuta ya taa, tukayawasha. Bibi shamba alikuwa ametuonya tufunge vitambaa puani, tukafunga. Hata hivyo harufu ilipita. Ilikuwa harufu ya mahindi ya kuchoma, tamu kabisa, kama ya jioni yoyote barabarani. Watoto wa upande wa pili wa ukuta waliisikia wakaanza kuimba, "Tupeni na sisi! Tupeni na sisi!" Mdogo wake mzee alikaa chini kwenye zile nyasi zilizolala, akajifunika uso.

Hitima ya baba yao ilipofika, ndugu walikaa ukumbini. Mimi nilikuwa nje, nikisaidia kupika pilau, lakini madirisha yalikuwa wazi. Hapakuwa na ugomvi. Mkubwa wao wa sasa aliuliza kama kuna mtu wa nyumba hii anayelima pale. Mjane akasema hakuna. Akauliza kama nyumba inakula humo. Mjane akasema la. Baada ya hapo walisoma dua, na mambo ya kiwanja yakazungumzwa kwa sauti za chini, kama watu wanaozungumza mbele ya mgonjwa. Mdogo mtu hakusema neno hata moja. Alipotoka alipita karibu nami, akasema, "Wewe ungeweza kulima."

"Mimi si wa nyumba hii," nikamjibu.

"Ndiyo. Nami ni wa nyumba hii, na sijui hata jembe linavyoshikwa."

Wiki ile ile wakaja wapimaji; kiwanja kilikuwa kinauzwa, na nyumba juu yake. Mnunuzi alitaka ukuta upande kwanza, na fundi wake akaniambia nikae nimsaidie kuchimba msingi, kwa kuwa naujua udongo ule. Nilimkatalia. Sikuwa na jeuri; nilikuwa tu siwezi kuutia udongo ule mkono tena.

Siku niliyoondoka, binti wa mjane alikuja kumchukua kutoka Mjambere kwa gari la mizigo la kukodi. Vitu vilikuwa vichache. Mjane alikuwa amekwisha panda mbele, amevaa buibui lake jeusi, alipokumbuka kitu akaniita.

"Waenda wapi sasa?"

"Nasikia Mpeketoni kuna mashamba, Mama. Huko Lamu."

"Wanalima nini?"

"Mahindi. Ufuta. Pamba kidogo."

Dereva aliwasha gari.

"Nao wanapiga dawa?"

"Siku hizi wanapiga kila mahali."

"Basi usile mahindi yao."

"Nitakula nini, Mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mtaa asioujua. Binti yake akamgusa bega, akasema wachelewa foleni ya feri. Mjane akaniombea dua fupi, midomo tu ikitembea, na gari likatoka. Nilifunga mlango wa uani kwa kufuli, nikampelekea mdogo mtu ufunguo dukani kwake Timbwani. Hakuwapo. Nikamwachia mfanyakazi wake, nikateremka kivukoni.